Mongolia Wanataka Nyimbo Tu

Mwalimu wa Kiingereza akichagua nchi ya kwenda kufundisha, nchi hiyo humchukulia kipande cha lugha ya nyumbani papo hapo, mpaka arudi. Saumu, aliyesomea ualimu jioni huku ananyonyesha, alipitia orodha ya nchi kwenye simu kwa furaha.

"Vietnam wanachukua matusi, mama."

"Nenda huko, urudi na adabu."

"Ila hawapokei watoto. Mongolia naenda na Kadzo wangu, tena wanachukua nyimbo za kubembelezea tu."

Akabonyeza Mongolia, akamrusha mwanawe juu kwa shangwe. Kadzo akashtuka, akaangua kilio. Bibi akampokea, akambembeleza kwa wimbo ule ule aliomlelea Saumu.

Saumu alisikiliza huku akitabasamu.

"Wimbo mtamu huo, mama. Umejifunza wapi?"