Uduvi Kabla ya Siku ya Saba

Siku hizi sheria ni moja: chochote kisicho na jina kwenye daftari la serikali, kukiua si kosa. Ndiyo maana askari walipokuja kumwaga sumu horini kwetu, kwenye mkono wa bahari nyuma ya nyumba, nilikuwa jikoni na lenzi, nahesabu miiba ya uduvi. Saba kichwani, doa jekundu mkiani. Hakuna mwingine wa namna hiyo.

Mume wangu Shee aliwazuia mlangoni, akamvunja koplo pua. Wakampiga vitako vya bunduki mpaka meno yakadondoka. Hawakumuua, yeye ana jina. Sikuinuka. Niliandika maelezo, nikampa uduvi jina, nikatuma kwa simu kwenye daftari.

Koplo akatazama simu yake. "Kameandikwa. Rudisheni mapipa garini."

Nikacheka, Mungu anisamehe, damu ya Shee ikinifikia miguuni.

Hapo mtoto wetu akalia chumbani.

"Anaitwa nani?" koplo akauliza.

"Ana siku tano, afande. Kwetu jina hutolewa siku ya saba."

Akajifuta pua, akakoki bunduki, akaelekea chumbani. Nikanyakua simu niandike. Mimi niliyezipa aina arobaini za uduvi majina, sikukumbuka hata moja.