Korongo na Meno ya Pacha wa Fisi

Baraza la wanyama lilimtuma Korongo, aliyejiita mtafiti, akawachunguze watoto pacha wa Fisi, ili ijulikane yupi afundishwe kuwinda.

Siku saba alisimama mlangoni pa pango akihesabu. Mwenye sikio lililochanika alimng'ata mwenzake mara arobaini. Mwenzake hakurudisha hata mara moja. Korongo akaandika: "Anayeng'ata ni dume. Ni jasiri. Mwingine ni jike, mwoga kwa maumbile."

Mama Fisi aliposomewa alicheka mpaka akakaa chini. "Umewachanganya, Bwana Korongo. Anayeng'ata ndiye binti yangu. Huyo mwingine ni kaka yake."

Korongo akaomba radhi. Akafuta "jasiri" akaandika "mkorofi." Akafuta "mwoga" akaandika "mtulivu, ana busara."

"Mbona meno yaliyong'ata ni yaleyale?" mama akauliza.

"Hesabu ya meno haina kosa, mama. Nimeiacha kama ilivyo."

Basi binti akafungwa kamba pangoni, afundwe upole. Kaka yake akapelekwa mawindoni huku analia, akarudi mikono mitupu, leo na kesho na keshokutwa.

Njaa ilipozidi, Korongo alitumwa tena kutafuta chanzo chake. Hakukaa hata siku moja. Aliandika: "Mama hakujua kulea."