Makali na Mchuja Maji

Yasemwa, na wasemao hawakosi, kwamba kichuguu kimoja kilikuwa na mchwa askari, Makali, kipofu kama askari wote, akimjua mtu kwa harufu tu. Siku moja Bi Chujio, aliyewachujia wote maji pamoja na wenzake, alitoka kazini amegandwa na uchafu wa maiti za mchwa ambazo wazikaji wavivu hawakuzizika.

"Simama! Unanuka ugeni."

"Makali, mwanangu, ni mimi! Maji ya asubuhi nani kakuchujia?"

"Adui naye hujua kubembeleza!"

Akamng'ata, akagonga kichwa ukutani kuwaita wenziwe. Wakaja mbio, wala hakuna aliyeuliza. Wakawatafuna wachujaji wote, maana nao walinuka vivyo hivyo. Makali akashangiliwa, akavimba kichwa.

Kiu ilipomshika, akakuta mtungi umejaa tope. Malkia miguu imemfura, watoto wanatapika. Akarudi mbio kumpangusa Bi Chujio; uchafu ulipotoka, ikabaki harufu ya nyumbani.

"Shangazi, amka basi."

Hakuamka.

Ndivyo yalivyo maradhi ya lupus: askari wa mwili, yaani chembe za kinga, huzirarua figo zinazousafisha, na hudhani wanaulinda. Makali hakuwa mbaya, masikini. Alipenda kwao, ila hakuuliza mara ya pili.