Mlo Chini ya Ukuta

Siku bwawa linapojazwa, sheria inamtaka msimamizi wa mradi atandike mkeka chini ya ukuta, ale chakula cha mchana na familia yake huku maji yakipanda upande wa pili. Sekela alitandika wake mapema, akapakua ndizi na nyama. Watoto wake wawili walikaa wamebanana, macho ukutani.

"Mwoga leo hatetemeki," mumewe Ambakisye alimtania. Jina hilo la Mwoga Sekela alipewa na nyapara wa mafundi, pale Sekela aliposimamisha kazi siku kumi na moja, akabomoa zege ambalo mkandarasi aliapa ni zima, na akakataa kutia saini hata wakubwa walipompigia simu.

King'ora kikalia. Maji yamefika juu kabisa! Sekela akapitisha kiganja ukutani: pakavu. Mafundi huko juu wakalipuka kwa shangwe, na nyapara yuleyule akapaza sauti, "Mama, umetuweza!"

Sekela alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwinua bintiye Tusajigwe amkumbatie, akamwona mzito ajabu. Mtoto alikuwa amejifunga kiunoni pamoja na mdogo wake kwa kanga, mafundo matatu.

"Sasa naweza kumfungua, mama?"