Mchungaji Anakwenda kwa Nani?

Hester Pargeter alikuwa anageuza mashuka kwenye maji ya moto alipomwona mchungaji akiingia mtaani kwao bila kofia. Mti wa kugeuzia ulimponyoka, ukazama sufuriani, naye hakujishughulisha kuutoa.

Pale Tallow Creek, mwaka ule wa tatu wa vita, shetani mwenyewe hakuogopwa kama alivyoogopwa Mchungaji Lockyer. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Maskini, alikuwa mpole kupita kiasi. Ila wakubwa waliokaa mbali huko walikuwa wameamua kwamba telegramu ya kifo isiletwe na tarishi wa posta, iletwe na kiongozi wa dini wa mfiwa. Basi mchungaji akitoka tu kwenda kununua tumbaku, mapazia yanafungwa mtaa mzima, na kina mama wanazuia pumzi mpaka apite.

Akifika kwako ana taratibu zake. Anavua kofia, anakuita kwa jina lako kamili, kisha anasema tukae kwanza. Mke wa mwoka mikate alipoyasikia maneno hayo alimtwanga kwa ufagio mpaka damu ikamtoka puani. Kesho yake mchungaji alirudi na bakuli la supu iliyopikwa na mkewe, Winifred.

Upande wa pili wa ua, Ivy O'Dowd alikuwa anaanika nguo. Ivy alikuwa Mkatoliki, na wanawe wote walikuwa huko vitani Ufaransa.

"Huyo si wangu," alisema, wala hakushusha sauti. "Wangu ni padri. Mimi naogopa kanzu tu."

Kisha akauona uso wa jirani yake, akajuta. Akaanza kumtuliza: labda anakwenda kwa akina Bewley, labda kuna mgonjwa. Lakini ulimi wa Ivy haukuwa na breki. Mbona, akaendelea, ametoka posta akakata uchochoroni kule nyuma, badala ya kufuata barabara inayopita mbele ya nyumba yake mwenyewe? Mtu anayeogopa hata kupita kwake, basi amebeba jambo zito la mtu.

Hester hakuwa na mtu mwingine duniani ila Clem. Mumewe aliangushwa na farasi akafa, Clem akiwa bado ananyonya. Clem aliondoka kwa treni pamoja na vijana wenzake, bendi ikipiga: wakata manyoya ya kondoo, karani wa benki, Edwin mwana wa mchungaji, mapacha wa mwoka mikate, wote wamevimba vichwa utadhani wanakwenda harusini. Barua yake ya mwisho ilikuwa imechakaa kwa kusomwa, na nyingine haikuwa imekuja.

Mchungaji akalipita lango la akina Bewley. Akaipita nyumba ya fundi wa matandiko ya farasi. Mbele yake kukabaki nyumba ya Hester na malisho matupu.

Hester alikimbia ndani, akatia komeo, akaketi sakafuni na mgongo wake ukiwa mlangoni. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, na alilishikilia kwa nguvu zote: maadamu hajaambiwa, Clem yu hai.

Lango likalia. Hatua zikapanda ngazi.

"Mama Clem," sauti ikasema. "Nifungulie."

"Sikufungulii. Rudi nayo. Waambie posta hukunikuta."

"Nakuomba, mama."

"Njoo Jumapili. Njoo mwakani. Nitafagia kanisa lako mpaka nife, Mchungaji, nitapiga kengele, nitafua vitambaa vya madhabahu. Usiseme tu."

Aliziba masikio kwa viganja, akaanza kuimba ovyo ili asisikie. Alipoishiwa pumzi, nje kulikuwa kimya. Hapakuwa na sala wala maneno ya Biblia. Kisha akausikia mlango ukitikisika kidogo, mtu akiteremka polepole mpaka akakaa chini, naye ameegemea ubao ule ule upande wa pili. Alikuwa anahema kama aliyekimbizwa.

Wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo. Mwishowe aibu ndiyo iliyomwinua Hester. Alimfikiria Clem amelala peke yake kwenye tope la ugenini, na mama yake mzazi anakataa hata kusikia habari zake. Akasimama, akaondoa komeo.

Mchungaji alikuwa amekaa kizingitini. Vifungo vya koti lake vilikuwa vimepishana, na telegramu ilikuwa imelowa jasho kiganjani mwake.

"Haya, sema," Hester alisema. "Sema upesi. Ni Clem."

"Clem hajatajwa. Sina habari yake yoyote."

Hester alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka Ivy akachungulia juu ya ua, naye Hester akashika mlango asije akaanguka, akamshukuru Mungu pale pale. Furaha ilimjaa hadi ikageuka hasira. Akamuuliza mchungaji, sasa kumtia mtu mzima kiwewe namna ile kulikuwa na maana gani, na kama si Clem, basi ni mtoto wa nani?

"Winifred naye huniuliza hivyo hivyo kila nikirudi," mchungaji alisema. "Leo ni mtoto wa nani? Yuko jikoni sasa hivi, anakanda mkate. Nenda wewe ukamjibu, Mama Clem. Mimi nimeshindwa."