Dakika Tano za Wendell

Sanduku la pili lilibwagwa sakafuni kule ghorofani, na Wendell Aho akashtuka kitini. Mkewe alikuwa akifunga mizigo. Asubuhi, akimimina kahawa, Lorna alisema bila hata kupandisha sauti: "Nakwenda Fargo kwa dada. Wewe baki na watu wako."

Watu wake walikuwa ndani ya kompyuta. Kwa miaka mingi Wendell alikuwa mshika ufunguo wa programu ambayo maktaba ndogo ndogo huitumia bure kuazimisha vitabu. Watu wa kujitolea waliiandika, wengine wakakagua, wengine wakajibu maswali, lakini hakuna toleo jipya lililotoka bila ufunguo wake. Kila Lorna alipomwita mezani, jibu lilikuwa lile lile: "Dakika tano tu, mpenzi. Watu wananisubiri." Supu ikapoa, na ndoa nayo ikaanza kupoa.

Leo alitaka kuutua mzigo huo kabla mlango wa mbele haujafungwa. Ila utaratibu wao haukuwa na njia ya mkato: wakaguzi wawili waafiki hadharani, na mrithi aandike mwenyewe kwamba amepokea.

Mrithi alikuwapo, Nungunungu. Sura yake hakuna aliyepata kuiona, wala aliyelijua jina lake halisi. Kwao cheo kilifuata kazi, si uso. Alianza kwa kusahihisha maelezo yaliyoandikwa ovyo, akapewa kujibu maswali, akapanda hadi ukaguzi, na huko hakuacha kosa lipite, hata la Wendell. Siku moja Wendell alimuuliza kwa nini anajituma hivyo.

"Nyumbani sina wa kuzungumza naye," alijibu Nungunungu.

Wendell alimwonea huruma kwelikweli. "Pole sana, kaka," alimwandikia.

Sasa aliandika mbele ya wote: "Naacha ufunguo. Leo hii. Apewe Nungunungu."

"Wewe uache? Kuku kaota meno?" Odile wa Montreal, mmoja wa wakaguzi, alimtania. "Haya, naafiki upesi kabla hujageuka, mzee."

Desmond wa Tucson, mkaguzi mwenzake, naye akaafiki. Ikabaki kauli ya Nungunungu, na Nungunungu kimya. Juu, nyayo zilikwenda kabatini, zikarudi kitandani, zikaenda tena. Wendell aliinuka, akaketi, akainuka.

"Kaka, upo? Mke wangu anaondoka. Nakuomba."

Nyayo zilisita.

"Nipo," aliandika Nungunungu. "Nahangaika na mizigo hapa. Una hakika lakini? Maana wewe na huo ufunguo, kila mtu anawajua."

"Hakika kabisa. Nimekuwa mjinga, kaka. Mwanamke mwema nimemwacha ale peke yake miaka yote hii. Nataka nikae naye mezani, kama bado ananitaka."

Hakuna jibu. Na juu hakuna nyayo. Wendell alikimbilia dirishani: gari la Lorna lilikuwa bado pale, theluji imelifunika paa. Alirudi mezani mbio. Ujinga gani huu, aliwaza, kumsubiri mtu nisiyemjua wakati ninayemjua ananiponyoka? Alishika kifuniko cha kompyuta auzime mtambo wote, liwalo na liwe.

"Nimepokea," aliandika Nungunungu.

Wendell alikabidhi ufunguo papo hapo. Hata kabla hajainuka, maombi yalianza kumiminika kwa mshika ufunguo mpya: maktaba fulani Ohio imekwama, nyingine haiwezi kupokea vitabu vinavyorudishwa. "Karibu jikoni, Nungunungu," Odile aliandika. "Usidhani utatoka leo."

Hayo hayakuwa yake tena. Wendell alipanda ngazi akiruka vidato viwili viwili, mwepesi kama aliyetoka kifungoni, akausukuma mlango.

Lorna alikuwa ameketi kitandani katikati ya masanduku, koti mwilini, kompyuta yake mapajani.

"Lorna, usiende," alisema Wendell akitweta. "Nimemaliza. Njoo tule, mimi na wewe tu."

Lorna hakuinua macho. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia.

"Dakika tano tu, mpenzi," alisema. "Watu wananisubiri."