Mifuko Niliyoishona

Mapafu mapya yakionja moshi wa sigara hujifunga, na hayafunguki tena. Kila aliyepandikizwa mapafu anajua. Mume wangu, Eliakimu, alimaliza miezi kumi na moja bila kuvuta tangu apandikizwe. Nilishona mifuko ya mashati yake yote, ili mkono usahau njia.

Siku ya posa ya binti yetu Aikande, wakwe walileta mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba asipoinywa, posa haijapokelewa.

"Onja tu, Baba Aikande," nilimwomba.

"Mama Aikande, unaogopa ndizi? Pombe haina moshi!" Akanicheka mbele ya wageni.

Kata ya pili ya mbege ilimfanya aimbe. Ya tatu, niliona vidole vyake vinapapasa mfuko ulioshonwa, na mwenyewe hana habari. Nilimwita, lakini vigelegele vilinizidi.

Mgeni mmoja alimwona akipapasa. Akamhurumia, akampa sigara yake, imeshawashwa. Eliakimu akavuta, mapafu yakajifunga.

Mwaka huu mume wa Aikande naye amepandikizwa. Jumamosi tunabatiza mtoto wao, na mbege imeshaiva. Nimekaa na mashati ya mkwe wangu mapajani, nashona mifuko, na uzi haukubali kupita kwenye sindano.